Mzee Ni Bashiru

Jumatatu, 31 Oktoba 1994

Serikali imekiuza kweli kiwanda chetu cha nyavu. Siyo uvumi tena. Mwenyewe amekuja leo na gari jeupe, akazunguka idara zote, akashika nyavu zetu kwa vidole viwili na kuzinusa. Ni Mdenmaki, anaitwa Bwana Lund. Mrefu, mwembamba, shingoni amening'iniza darubini. Kiswahili anakijua kuliko meneja wetu wa zamani, maana alikulia misheni upande wa Bukoba. Yaani hata kumteta mbele yake haiwezekani.

Inasemekana hatabaki na watu wote. Inasemekana anataka damu changa. Nani kasema? Mpishi wa kantini. Na mpishi wetu huwa anajua mambo kabla ya meneja.

Mimi ni mtunza stoo. Nina miaka arobaini na tisa, na mvi zimenianza kwenye masikio. Nyumba tunayokaa hapa Nyakato ni ya kiwanda. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Wale wa kiwanda cha ng'ambo ya barabara walipunguzwa mwezi wa nane. Nilimwona mmoja wao anasukuma kitanda chake kwenye mkokoteni, mkewe yuko nyuma amebeba kioo. Kile kioo hakijanitoka akilini. Nikipunguzwa mimi, ni kurudi Magu kwa kaka Shimba, nilime pamba yake, na yeye anicheke kila jioni mpaka nife.

Naogopa. Nimeshindwa hata kumaliza ugali, na leo kulikuwa na sato.

Jumanne, 1 Novemba

Tangazo! Jumamosi Bwana Lund anawapeleka watu wa ofisi kwenye hifadhi ya ndege, Kisiwa cha Minandi. Tunakwenda kuwaangalia ndege. Siyo kuwinda, siyo kula. Kuwaangalia, halafu kurudi. Amesema ofisi humficha mtu, lakini porini mtu huonekana alivyo. Watu wote wametazamana. Huo ni usaili, hakuna zaidi.

Kisiwa! Maana yake boti. Boti maana yake maji chini. Nimeishi Mwanza tangu ujana na sijaingia ziwani kupita magoti. Nikiwa mtoto kule Magu, mamba alimchukua ndama wetu mbele ya macho yangu. Alikuwa anakunywa, mara hayupo.

Halafu Bashiru. Karani wa mauzo. Mimi na yeye tuliajiriwa wiki moja. Tunalingana kabisa, kama si yeye kunipita miezi. Leo tumekutana korido, mimi, yeye na Bwana Lund. Bashiru akainama, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini: "Shikamoo, mzee Machibya!"

Mzee! Mbele ya mtu anayetafuta damu changa! Nikikaa kimya, sina adabu. Nikiitikia, nimekubali uzee. Nikaitikia. Mdomo ulizoea tu. Bwana Lund akanitazama masikio.

Bashiru alitabasamu mpaka jioni.

Jumatano, 2 Novemba

Nimejibu mapigo. Nilimvizia Bashiru mlangoni kwa Bwana Lund tangu asubuhi. Alipotokea tu, kabla hajafungua mdomo, nikainama mpaka tai ikagusa magoti. Shikamoo, mzee Bashiru! Yeye naye, hana hata haya, akainama: shikamoo, mzee Machibya! Nikarudia. Akarudia. Hakuna aliyesema marahaba. Tulibaki tumeinamiana pale mlangoni, na Modesta, sekretari, akashindwa kupita na chai.

Bwana Lund alitoka, akatutazama, akasema amefurahi kuona Wasukuma wanaheshimiana kiasi hiki. Bashiru siyo hata Msukuma.

Jioni nimechukua hatua kuhusu mvi. Dawa ya nywele dukani ni ghali mno. Nimetumia kiwi nyeusi ya viatu, kidogo kidogo, kwa mswaki wa zamani. Inapendeza. Justa, mke wangu, ameniangalia muda mrefu, halafu akauliza kama na mdomo nitaupaka. Nimemwambia hajui maana ya siasa. Akasema anajua maana ya foronya, na foronya zake ni nyeupe, kwa hiyo nilale na kitambaa kichwani.

Ijumaa, 4 Novemba

Nimekwenda mwaloni Kirumba, zinakotia nanga boti za ziwani, kumtafuta nahodha wa boti yetu ya kesho. Anaitwa Ngosha, kijana mwenye kifua. Nimemuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama huko kisiwani kuna mamba. Akasema hapana, mzee, ondoa shaka, hakuna mamba hata mmoja. Nilishusha pumzi. Akaongeza kwamba viboko waliwafukuza.

Nimemuuliza kuhusu viboko. Akasema kiboko hana tatizo, ila usimkatie njia ya kwenda majini, usimkaribie mtoto wake, na usikae katikati ya magugu maji maana huwa anajificha humo. Ziwa lote sasa hivi ni magugu maji! Kutoka mwaloni unaona kijani tupu, utadhani shamba la mtu.

Na ameniita mzee. Kwa hiyo kiwi haikutosha. Nimeongeza.

Justa anasema nikatae safari, niseme naumwa. Hajui. Modesta amesema Bashiru amenunua kofia ya safari na filimbi ya kuita ndege. Nikikaa nyumbani, Bashiru atakuwa boti moja na Bwana Lund siku nzima, na jina langu litakuwa mdomoni mwake. Nafuu kiboko.

Sidhani. Siyo nafuu. Lakini nitakwenda. Nimewatazama watoto wakila, nikajisikia kulia, nikajifanya nina pilipili jichoni.

Jumamosi, 5 Novemba

Niko hai. Naandika kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nieleze kwa utaratibu.

Tulifika mwaloni alfajiri. Watu wa ofisi wote walikuwepo, na Bwana Lund na darubini mbili. Bashiru na kofia yake. Ngosha akagawa maboya ya kuvaa, yale ya rangi ya chungwa. Watu waliyagombea. Mwishoni likabaki moja, na waliokuwa hawajavaa ni wawili. Mimi na Bashiru.

Ngosha akalinyanyua. "Hili la mwisho avae mzee," akasema. "Kijana ataogelea."

Bwana Lund alikuwa anatazama. Ee Mungu, nililitaka lile boya kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Nikasema: mpe mzee Bashiru. Bashiru, uso umemwiva, akasema: hapana, mpe mzee Machibya. Nikasema mimi bado kijana, miaka yangu ni michache tu. Yeye akasema ndiyo kwanza anaanza maisha. Ngosha akachoka, akalitupa boya kwenye sakafu ya boti katikati yetu, akawasha injini.

Nilisafiri huku nalitazama. Sikuona ndege hata mmoja. Wenzangu wanaonyeshana furukombe, sijui mwari, mimi nasema ndiyo ndiyo nzuri sana, macho kwenye boya. Bashiru naye hivyo hivyo. Mguu wake ulikuwa unalisogelea polepole. Na wangu ulikuwa unalisogelea.

Karibu na kisiwa magugu maji yalitushika. Injini ikakohoa, ikazima. Ngosha akainama kutoa majani kwenye pangaboi, akasema tutulie kabisa, tusipige kelele. Kimya kile! Maji hayaonekani, majani tu, na chini yake sijui kuna nini. Jasho jeusi likaanza kunishuka shavuni. Nilijua ni kiwi, lakini moyo ulisema ni roho inatoka.

Kisha majani yakainuka. Pale pale, karibu na mkono wangu. Yakainuka, yakamwagika pembeni, na katikati yake vikatokea masikio mawili na pua pana. Akapumua. Alinipulizia maji usoni! Nilinusa pumzi yake, harufu ya majani yaliyooza.

Sijui nani alianza. Bashiru anasema mimi. Muongo. Nakumbuka mikono minne kwenye boya moja, na sauti yangu ikisema hilo ni langu, mzee ni mimi! Bashiru akasema mzee ni yeye, ana miaka hamsini na mbili. Nikasema mimi hamsini na tano. Akasema alikosea, ana hamsini na saba! Nikasema mimi wakati wa Uhuru nilikuwa tayari nina mke. Akasema yeye alikuwa na mke na mtoto. Hapo kiboko akafungua mdomo. Nikapiga kelele kwamba vita ya Hitla inaanza mimi nachunga ng'ombe, muulizeni kaka yangu, nina miaka sitini na mbili!

Bashiru alifikiri. Niliona midomo yake inatafuta mwaka wa mbali zaidi. Hakuupata. Nikamnyang'anya, nikavaa, nikafunga kamba zote.

Kiboko akafunga mdomo na kuzama, akaenda zake. Injini ikawaka. Ndipo nikageuka nikakuta boti nzima inanitazama, na Bwana Lund mbele kabisa, kidevu mkononi.

Kisiwani nilishuka wa kwanza. Sikutaka kuongea na mtu. Nikaenda kusimama peke yangu penye majani, na boya langu, nifikirie pamba ya Shimba. Kitu kikatikisika miguuni. Mkia mrefu, magamba. Mamba! Nikakauka. Sikuweza kuita, sikuweza kukimbia, hata kope zilikataa.

Na hapo wakapanda wale wadudu wa ziwani, wale wasiouma, wanaoinuka kwa mawingu kama moshi wa nyumba inayoungua. Wingu lote likaja kwangu. Wakanasa kichwani kwenye kiwi, mamia kwa mamia, puani, masikioni. Sikutikisika. Mamba yuko chini! Nyuma ya wadudu wakaja ndege. Wadogo, mkia umegawanyika, wanapita kasi karibu na macho yangu, wanageuka, wanarudi. Nilisikia mbawa zao kwenye shavu. Mmoja akatua begani juu ya boya, akanitazama. Nilisema moyoni, basi, ndiyo mwisho wangu, naliwa na ndege huku mamba anangoja mabaki.

Bwana Lund alikuja taratibu na wenzangu wote nyuma yake, wanatembea kwa ncha za vidole, darubini usoni. Walikuwa wananiangalia mimi! Akanong'ona kwamba hao ni mbayuwayu wa kwao, wanatoka Ulaya kila mwaka baridi ikianza, na kwao hujenga chini ya mapaa ya nyumba za watu. Akasema mama yake alikuwa hafungi dirisha la ghala mpaka warudi. Machozi yalimtoka, mtu mzima. Bashiru akapuliza filimbi yake ndege wakaruka, na Bwana Lund akamtazama kwa namna ambayo sitaisahau. Angalau hiyo nimeipata.

Yule mamba alikuwa kenge. Ngosha alimfukuza kwa kandambili.

Jumapili, 6 Novemba

Kichwa kimeoshwa mara nyingi na bado kinatoa wadudu. Kanisani nimekaa benchi la nyuma. Nimeomba Bwana Lund awe amesahau zile hesabu za kwenye boti. Halafu nimeomba azikumbuke za Bashiru. Halafu nikaogopa kwamba nimeomba vibaya, nikaomba msamaha.

Justa ametaka kujua ilikuwaje tukaoana ikiwa wakati wa Uhuru nilikuwa na mke. Amesikia kwa mke wa Bashiru. Mji huu!

Jumatatu, 7 Novemba

Niliitwa saa tatu.

Bwana Lund alinivutia kiti mwenyewe. Ishara mbaya. Akaniamkia! Shikamoo, mzee Machibya. Akasema aibu ameiona yeye, kwamba serikali ilimwacha mtu wa miaka sitini na mbili kubeba marobota ya nyavu stoo. Nikamwambia haraka kwamba sina sitini na mbili, nina arobaini na tisa, ni hofu tu ile. Akatabasamu kwa upole. Akasema yeye anaamini jambo moja: mtu aliyeko mbele ya kiboko hasemi uongo.

Nikaapa. Nikamwambia nina cheti cha ubatizo. Akasema ananielewa, hata baba yake alikuwa anapunguza miaka akiogopa kustaafishwa. Nikasema basi na Bashiru je, yeye si alisema hamsini na saba? Akasema ndiyo, kustaafu ni miaka sitini, kwa hiyo Bashiru bado ana mitatu.

Bashiru kashindwa mnada wa miaka, kapona. Mimi nimeshinda, nimestaafu. Bashiru atashika na stoo. Na nyumba ya Nyakato inakwenda na stoo.

Nililia pale pale kitini. Bwana Lund akanishika bega, akasema nisilie, hajaniacha. Amezungumza na watu wa hifadhi. Wanataka mlinzi wa kudumu Kisiwa cha Minandi, mtu mtulivu, na yeye katika maisha yake yote ya kuangalia ndege hajaona mtu mtulivu kama mimi. Mshahara utatoka kiwandani. Kuna kibanda kizuri. Boti itakuja kila Ijumaa na unga. Nitakuwa peke yangu, mimi na ndege na amani.

Na kiboko! Huyo hakumtaja.

Nilipotoka, Bashiru alikuwa mlangoni. Akainama, mikono nyuma. "Shikamoo, mzee Machibya." Bwana Lund yuko nyuma yangu, anasikiliza. Nikasema marahaba.

Bashiru alipoinua kichwa, hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nitakwenda kule. Nikaona anaogopa kwa ajili yangu. Hilo limenitisha kuliko yote.

Jumatano, 9 Novemba

Jana sikuandika. Nilikuwa nimelala natazama ukuta. Watoto wanapita kwa kunyata. Justa ameanza kukunja mapazia, na ameyakunja vizuri kabisa. Kila nikifumba macho majani yanainuka.

Leo asubuhi nimeamka na akili mpya. Nikaenda kwa Bwana Lund, nikamwambia kisiwani siwezi, manyoya ya ndege yananifungia kifua tangu utotoni. Nikakohoa kidogo kuonyesha. Alisikitika sana. Akasema hana nafasi nyingine, isipokuwa ile ya Nyegezi, ila ile ni ngumu. Anajenga nyumba ya nyoka, wanafunzi na wageni waje kuwaona. Chatu, swila, koboko. Ina nyumba ya mlinzi, vyumba viwili, umeme. Amekosa mtu. Aliyekuwepo aliondoka bila kuaga.

Vyumba viwili. Umeme. Nchi kavu!

Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba mimi kwetu ni ukoo wa wachezaji nyoka, wale wanaocheza ngoma na chatu shingoni. Kwamba mjomba wangu alitamba mpaka kwenye ngoma kubwa za Bujora. Kwamba nililala na nyoka kitanda kimoja nikiwa mtoto na hatukuwahi kukosana.

Bwana Lund aliruka kitini. Akanikumbatia! Akasema mbona nilikuwa nimekaa kimya na kipaji kama hicho. Kesho mchana ananipeleka Nyegezi nimhamishe chatu kutoka kwenye gunia kwenda kwenye banda lake, na ataalika ofisi nzima ije kujifunza.

Nimemweleza Justa. Amesimama na pazia mkononi. Akaniuliza lini nimewahi kumshika nyoka. Akanikumbusha kwamba mwezi uliopita nilipanda juu ya meza kwa sababu ya mjusi.

Huyu mwanamke hukata tamaa mapema. Njia nimeshaiona. Kesho nitamwambia Bwana Lund kwamba kwa mila ya ukoo wetu mzee hamshiki nyoka kwa mkono wake. Anasimama mlangoni anaelekeza, na wanaoshika ni vijana, kama Bashiru. Na akiuliza uzee huo unaanzia miaka mingapi, nitasema sitini na tano.

Sabini, kwa usalama.